Maswali ya Wasomaji: Msaidizi wa Kisheria Anasajiliwa na Nani, na Mpaka Wake Uko Wapi?

Barua ambazo safu hii imepokea kutoka Arusha, Moshi na vijiji vinavyoizunguka miji hiyo miwili zimemgusa mtu mmoja kwa namna nyingi: msaidizi wa kisheria. Wapo wanaomsifu, wapo wanaomlaani, na wapo wanaotaka kuifanya kazi hiyo wenyewe. Nimechagua barua sita, nikaondoa majina ya watu na ya ofisi zilizolalamikiwa.

Niseme kwanza jambo ambalo litanipunguzia kurudiarudia. Wengi wenu mnaandika kana kwamba msaidizi wa kisheria ni wakili wa daraja la chini, mwenye leseni ndogo na bei ndogo. Sheria haikumweka hivyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo ni Sura ya 21 ya sheria zetu, iliifuta sheria ya mwaka 1969 iliyohusu msaada katika mashauri ya jinai peke yake, na ndiyo iliyomtambua rasmi mtu huyu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi vijijini kwa kuaminiwa na majirani tu. Ilimpa kazi yake mwenyewe, ikamweka chini ya msajili, na ikamkataza kumtoza ada mtu anayemsaidia. Wakili ana sheria yake nyingine, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na hakuna ngazi inayomtoa mmoja kumfikisha kwa mwenzake. Majibu karibu yote yaliyo hapa chini yanatoka katika tofauti hiyo.

Ndugu Wakili, nina mgogoro wa mpaka wa shamba huku Arumeru. Mtu mmoja mwenye ofisi mjini, aliyejitambulisha kuwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, aliniandikia maombi ya kupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nami nikamlipa shilingi 300,000 kwa simu kwa awamu mbili. Aliniambia nisijisumbue kuhudhuria, yeye atanisimamia. Sasa naambiwa shauri limefutwa kwa sababu sikufika. Je, mtu huyu anatambulika kisheria? Na mimi nifanye nini?
*Msomaji, Usa River*

Pole sana, ndugu yangu. Naanza na swali lako la pili kwa sababu lina saa inayokwenda. Shauri lililofutwa na baraza kwa mwombaji kutohudhuria linaweza kurejeshwa, lakini maombi ya kulirejesha yanatakiwa kupelekwa ndani ya siku 30 tangu amri ilipotolewa. Kwa hiyo kabla hujaanza kumtafuta aliyekula fedha zako, nenda barazani, pata nakala ya amri, uangalie tarehe yake. Baraza litataka kujua kwa nini hukufika, na nisikufiche kwamba kusema “niliambiwa nisije” ni sababu dhaifu, hasa pale aliyekuambia hana mamlaka ya kukusimamia. Tafuta wakili, au taasisi ya msaada wa kisheria yenye mawakili ndani yake, ayaandae maombi hayo vizuri.

Muulize pia juu ya baraza la kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, mabaraza ya kata yamebaki na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi, wala hayaamui tena, na baraza la wilaya halisikilizi shauri mpaka kata ithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila usuluhishi kukamilika. Katika nakala ya maombi yako uliyonitumia sikuona kiambatisho chochote kutoka kata. Kama hukupita huko, shauri linaweza kufufuliwa leo na kuanguka tena wiki ijayo, na pengine ni nafuu kwako kuanza upya kwa njia iliyo sahihi.

Sasa tuitazame nakala yenyewe, kwa sababu inasema mengi juu ya aliyeiandika. Ina kurasa tatu, imechapwa vizuri na imetaja vifungu vya sheria. Juu ya ukurasa wa kwanza kuna mhuri wa duara wa wino wa buluu, wenye picha ya mizani na maneno “Ushauri wa Sheria na Usuluhishi”. Hauna namba ya usajili wala jina la taasisi. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mwandishi wa hati hutakiwa kuweka jina na anwani yake, pameandikwa: “Imeandaliwa na kuwasilishwa na mwombaji mwenyewe.” Mstari huo mmoja ndio unaomfichua. Sheria ya Mawakili inamtaka kila anayeandaa hati ya namna hii aweke jina na anwani yake juu ya hati, na inafanya kuwa kosa kwa mtu asiye na sifa za uwakili kuandaa kwa malipo hati zinazohusu mali au mashauri. Aliyekuandikia anaijua sheria hiyo vizuri kiasi cha kuikwepa. Ameondoa jina lake akaweka lako, na mbele ya baraza kila kosa lililomo ndani ya kurasa zile tatu ni lako wewe. Taasisi halali ya msaada wa kisheria haina sababu ya kujificha hivyo. Hati zake utaziona zimeandikwa kwamba zimeandaliwa bila malipo, na jina la taasisi likafuata.

Hata kama mtu huyu angekuwa amesajiliwa kweli, bado asingeweza kukusimamia. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi inaruhusu mhusika kufika mwenyewe mbele ya baraza la wilaya, au kuwakilishwa na wakili, na pia inamkubali ndugu au mtu wa kaya yake. Msaidizi wa kisheria hayumo katika orodha hiyo. Anaweza kukueleza siku ya shauri, kukusindikiza mpaka mlangoni na kukaa nyuma akisikiliza, lakini kusimama na kusema kwa niaba yako hawezi.

Kuhusu kutambulika kwake: usajili wa watoa huduma za msaada wa kisheria uko kwa Msajili aliye chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na ngazi za mkoa na wilaya zina wasajili wasaidizi. Kinachosajiliwa kwanza ni taasisi, na msaidizi hufanya kazi chini ya taasisi hiyo. Ndiyo maana ukimuuliza msaidizi wa kweli “uko chini ya nani?” hapati kigugumizi. Nenda ofisi za wilaya yako, ulizia msajili msaidizi, umpe jina la mtu na la ofisi. Angekuwa amejiita wakili, kumchunguza kungekuwa rahisi zaidi, kwa kuwa Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili ambao mtu yeyote huandika jina la wakili akaona kama anaruhusiwa kufanya kazi.

Ujumbe wa malipo ulio kwenye simu usiufute. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na fedha yenyewe unaweza kuidai pia kwa njia ya madai. Inasikitisha kwamba mji wenye Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu bado ni soko zuri la vishoka, lakini hao hawawafuati majaji wa kimataifa. Wanawafuata watu wenye mpaka wa shamba na simu yenye salio.

Shikamoo Wakili. Nina stashahada ya sheria niliyoisomea Lushoto. Nataka kufungua ofisi ndogo Ngarenaro, niwaandikie watu mikataba, madai na rufaa kwa bei nafuu. Nimeambiwa nikiwa na leseni ya biashara na namba ya mlipakodi naweza kuanza. Je, nitakuwa nimekamilika?
*Binti mwenye ndoto, Arusha*

Marahaba, binti yangu. Hapana, hutakuwa umekamilika, na waliokuambia hivyo wamekuelekeza nusu ya njia. Leseni ya biashara inaiambia halmashauri kwamba unauza kitu, na namba ya mlipakodi inaiambia mamlaka ya mapato kwamba utalipa kodi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokuruhusu kufanya kazi ya uwakili. Ukiandika madai na rufaa kwa malipo bila kuwa wakili, leseni iliyoning’inizwa ukutani itamsaidia mpelelezi kujua ofisi yako ilipo.

Stashahada yako hata hivyo ina thamani. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kimewatoa watumishi wengi wa mahakama zetu, na ofisi za mawakili zinahitaji watu wanaojua kufungua jalada, kufuatilia tarehe na kutafuta kumbukumbu. Humo unaweza kuandaa rasimu kila siku ya kazi, kwa sababu wakili ataisoma, ataisahihisha, ataiwekea jina lake na atabeba lawama ikikosewa. Njia ya pili ni kujiunga na taasisi iliyosajiliwa ya msaada wa kisheria. Hapo taasisi inaweza kukuajiri na kukulipa mshahara, jambo ambalo sheria haikulikataza. Kilichokatazwa ni mkono wako kupokea ada kutoka kwa mtu unayemsaidia. Njia ya tatu ni ndefu: shahada ya sheria, kisha Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha maombi kwa Jaji Mkuu ili uandikishwe katika orodha ya mawakili, na baada ya hapo cheti cha kufanyia kazi unachokihuisha kila mwaka.

Kama unataka kitu cha kuanza nacho mwezi ujao, fungua steshenari na utoze kwa ukurasa. Mteja akija na maneno yake ukayachapa kama alivyoyasema, hiyo ni biashara ya uchapaji. Ukianza kumchagulia aombe nini, amshitaki nani na kwa kifungu kipi, umeshavuka. Najua steshenari nyingi zilizo jirani na mahakama zimevuka siku nyingi. Wingi wao haukufanyi wewe kuwa salama.

Wakili, mimi ni msaidizi wa kisheria Rombo. Nimepata mafunzo na niko chini ya taasisi iliyosajiliwa. Watu ninaowasaidia wako mbali, na bodaboda ya kwenda na kurudi mahakama ya mwanzo inanigharimu. Wengine hunipa nauli, wengine hunipa mkungu wa ndizi. Je, ninavunja sheria? Na kwa nini mawakili waruhusiwe kutoza sisi tukatazwe, ilhali kazi ya vijijini tunaifanya sisi?
*Msaidizi, Rombo*

Swali lako la mwisho nalijibu mwanzo, kwa sababu ukilielewa hilo, la nauli utalijibu mwenyewe. Anayestahili msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017 ni mtu asiye na uwezo wa kulipia huduma hiyo. Ukimtoza, ama umemkamua asiye nacho, ama umemhudumia mtu ambaye hakustahili kuwa mikononi mwako. Kuna sababu nyingine iliyojificha katika Sura ya 341. Kosa la asiye wakili kuandaa hati linategemea malipo: mtu akithibitisha kwamba hakuandika kwa ajili ya ada wala kwa kutarajia faida yoyote, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, kosa halipo. Maana yake ni kwamba kutolipwa kwako ndiko kunakokulinda. Ukimwandikia mjane barua ya madai bure, wewe ni msaidizi wa kisheria. Ukimwandikia barua ile ile kwa shilingi 10,000, umekuwa kishoka, na vyeti vyako vya mafunzo havitabadilisha jambo hilo.

Zingatia yale maneno “faida ya kuzunguka”. Nauli inayolingana na nauli halisi ina utetezi, lakini nani atapima? Leo ni bodaboda, kesho ni bodaboda na chakula cha mchana, keshokutwa jirani anamwambia mwenzake kwamba kwako bei ni kiasi fulani. Ushauri wangu ni kwamba fedha ya safari isipite mkononi mwako ikitoka kwa mtu unayemsaidia. Kama yeye ndiye anayekwenda mahakamani, ajilipie bodaboda yake mwenyewe. Kama ni lazima na wewe uende, taasisi yako ndiyo ikulipe, na ikiwa haina fungu hilo basi mwelekeze mtu kwa maandishi, aende na karatasi yako. Ndizi nazitazama kwa jicho tofauti kidogo, kwa kuwa huko kwetu mtu hapiti kwa jirani mikono mitupu. Mkungu wa mshare ulioletwa shauri limekwisha ni ujirani. Ulioletwa shauri likiwa bichi, hasa na upande mmoja wa watu unaowashauri wote wawili, urudishe kwa upole.

Sasa niseme ninachokiona mimi. Sheria ilifanya vizuri kuufunga mfuko wa mwananchi, lakini taasisi nyingi zinaishi kwa fedha za wafadhili, na mradi ukiisha nauli huisha nao. Tangu mwaka 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikipeleka wanasheria mikoani kuwasikiliza watu bila malipo, na nimewaona wazee wakirudi wakiwa wameelewa mambo yaliyowasumbua miaka. Kampeni hukaa siku zake ikaondoka, wewe unabaki. Mtu anayebaki akiachwa bila hata nauli, tusishangae anapoanza kuitafuta pasipotakiwa. Kama halmashauri zinaweza kutenga posho za vikao, sioni kwa nini nauli ya msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa isiingie katika bajeti zao, kwa kiasi kinachojulikana na kwa risiti.

Jambo la mwisho kwako. Weka daftari. Kila anayekuja andika tarehe, jambo lenyewe kwa mstari mmoja au miwili, umemwelekeza wapi, na kwamba hakulipa kitu, kisha atie saini au dole gumba. Ukimaliza kuandika lifungie mahali salama, kwa maana siri za watu zimo humo. Siku ukisingiziwa kwamba ulitoza, au kwamba ulimsimamia mtu mahakamani, daftari hilo litasema kuliko mashahidi. Na kazi zako zitamke kama sheria inavyozitaja: kuwaelimisha watu, kuwasaidia kupata nyaraka wanazozihitaji, kuwaelekeza mahali panapohusika, na kuwashauri wanaogombana watafute suluhu.

Wakili, habari za kazi. Mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 14, amefanyiwa ukatili wa kingono na kijana wa jirani. Mtu tunayemjua kama msaidizi wa kisheria wa hapa kijijini anasema pande mbili zikae, familia ya kijana itoe fidia, mambo yaishe bila aibu. Kikao ni Jumamosi. Twende?
*Mama, Machame*

Msiende, mama. Nimekujibu kwa simu siku barua ilipofika, na naliandika hapa kwa ajili ya wengine. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, akiwa na nguo alizovaa zikiwa hazijafuliwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tu. Taarifa ipelekwe kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Hospitali isisubiri kikao cha ukoo, polisi wasisubiri, na ninyi msisubiri.

Kushauri suluhu ni kwa watu wanaogombana juu ya haki zao wenyewe, kama mpaka, deni au matunzo. Ukatili dhidi ya mtoto ni jinai, mlalamikaji wake ni Jamhuri, na hakuna msaidizi, mwenyekiti wala mzee wa ukoo mwenye uwezo wa kuuza shauri hilo kwa fidia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua mtoto ananyanyaswa atoe taarifa, na mtu huyo alilijua akaitisha kikao. Kama amesajiliwa, Msajili ana uwezo wa kumsimamisha au kumfutia usajili, na malalamiko yenu yapelekwe kwa maandishi. Kama hajasajiliwa, polisi wanamhitaji vilevile.

Binamu yangu yuko Toronto. Ni msaidizi wa kisheria mwenye leseni, ana ofisi yake, anasimama mahakamani na anatoza ada. Kwa nini Tanzania tusifanye hivyo, tupunguze bei ya mawakili?
*Msomaji, Njiro*

Alichokuambia binamu yako ni kweli. Katika jimbo la Ontario, sheria iliyopitishwa mwaka 2006 ilikipa chama cha wanasheria cha jimbo hilo mamlaka ya kuwapa leseni wasaidizi wa kisheria na kuwasimamia, na kazi hiyo ikaanza mwaka 2007. Lakini mwombe akueleze na upande wa pili. Amesoma chuo kilichoidhinishwa, amefanya mtihani wa leseni, tabia yake imechunguzwa, na analipa bima ili mteja akipata hasara kwa uzembe wake pawe na mahali pa kufidiwa. Kazi zake pia zina ukuta: anashughulikia mahakama ya madai madogo, makosa madogo kama ya barabarani, na mabaraza ya kiutawala. Kuandika wosia au kushughulikia uuzaji wa nyumba haruhusiwi.

Wengine walijaribu wakarudi nyuma. Jimbo la Washington nchini Marekani lilianzisha mwaka 2012 leseni ya mafundi wa sheria waliokuwa wakiwashauri watu katika mambo ya familia kwa malipo. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kuusitisha mpango, kwa hoja kwamba gharama zilikuwa kubwa na waliojitokeza wachache. Uingereza haina leseni ya kisheria kwa kada hii. Mtu yeyote anaweza kujiita hivyo, ila kazi fulani zimehifadhiwa kwa wenye sifa. Jirani zetu Kenya walifuata njia inayofanana na yetu, wakawatambua wasaidizi katika sheria yao ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016.

Sisi tuna historia nyingine. Mahakama ya mwanzo, ambako mwananchi wa kawaida huanzia, iliwekwa ili mtu ajisemee mwenyewe kwa Kiswahili, au kwa ruhusa ya mahakama asemewe na ndugu au mtu wa kaya yake. Hata mawakili walizuiwa humo mpaka mwaka 2021, waliporuhusiwa katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Kuweka mtu wa kulipwa mahali palipotengenezwa kwa ajili ya asiye na fedha ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Sipingi wazo lenyewe. Ada za mawakili ni nzito kwa mtu wa kipato cha chini, na wapo wasaidizi wanaoijua sheria ya mirathi kuliko mawakili vijana. Ila leseni bila bima, bila mtihani na bila chombo cha nidhamu chenye meno itakuwa mhuri mwingine wa buluu kama ule wa ndugu yetu wa Usa River. Mimi ningeanza na jambo dogo zaidi: mwananchi aliyesimama mbele ya ofisi aweze kuandika jina la msaidizi kwenye simu yake na kuona yuko chini ya taasisi ipi, kwa wepesi ule ule anaoupata kwa wakili.

Wakili, nimefiwa na mume wangu. Nataka kufungua mirathi mahakama ya mwanzo. Shemeji yangu anasema bila wakili siwezi. Msaidizi wa kisheria wa kata anasema atanisaidia kujaza fomu bila malipo. Nimsikilize nani?
*Mjane, Kibosho*

Pole kwa msiba, mama. Msikilize msaidizi, kwa sharti kwamba uliyofundishwa katika majibu ya juu umeyahakikisha kwake. Kuomba usimamizi wa mirathi katika mahakama ya mwanzo ni kazi ambayo mtu anaifanya mwenyewe, na kusaidiwa kupata nyaraka ndiko hasa kazi yake msaidizi. Atakukumbusha cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao mahakama nyingi hupenda kuuona. Fomu aijaze mbele yako, akusomee, nawe ndiye utie saini. Ukiulizwa na hakimu, jibu wewe.

Kuna hali moja ambayo shemeji yako atakuwa na hoja. Mahakama ya mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama marehemu aliacha wosia, au maisha yake yalionyesha kwamba hakutaka mambo yake yaendeshwe kwa mila, shauri linaweza kupaswa kwenda ngazi ya juu, na huko tafuta wakili kweli, au taasisi yenye wakili. Msaidizi mzuri atakuambia hivyo siku ya kwanza, kabla hujafungua jalada.

Ukiteuliwa, kumbuka kwamba msimamizi hageuki kuwa mwenye mali, awe wewe au shemeji. Orodha ya mali na madeni inatakiwa kuwasilishwa mahakamani ndani ya miezi minne, na hesabu ya mgawanyo hufuata. Wengi hukwama hapo, kihamba, yaani shamba la ukoo, kikakaa miaka mikononi mwa mtu mmoja. Mwambie msaidizi aiandike tarehe hiyo katika daftari lake, nawe uiandike katika lako. Shemeji yako akiona bado anahitaji wakili, na mahakama yenu ikiwa na hakimu mkazi, aje naye kwa gharama zake mwenyewe, wala asiitoe ada hiyo katika mali ya marehemu.